Vifuniko vya Muktar

Muthoki hakuwa amecheka tangu Novemba, tulipomzika mume wake Mulei. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza. Tumekaa jirani huku Kilungu tangu tuolewe, boma langu liko juu ya njia na lake liko chini, na kicheko chake kilikuwa kinapanda hadi jikoni kwangu nikiwa napepeta maharagwe. Kilikuwa kinaanza polepole, kama mtu anayesukuma mlango mzito, halafu mlango unafunguka mara moja na watu wote wanageuka. Baada ya mazishi sikukisikia tena. Tulichimba matuta pamoja katika mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama kinachochimba shamba la huyu leo na la yule wiki ijayo, na kila Alhamisi tulibeba maparachichi pamoja hadi soko la Mukuyuni. Njia nzima mimi naongea, yeye anajibu ii, yaani ndiyo, basi. Nikinyamaza, naye ananyamaza.

Aprili ya mwaka wa 1993 mvua ikatukuta sokoni. Ilikuja na upepo, ikabeba karatasi za watu na kofia moja, nasi tukakimbilia duka la Muktar tukiwa na viondo kichwani. Muktar na mke wake Nadifa walikuwa wametoka Garissa miaka sita nyuma. Waliuza sukari, mafuta ya taa, kamba, leso, misumari, magodoro, na Kikamba cha Nadifa kilikuwa kizuri kuliko cha wajukuu wangu wanaokaa Nairobi. Siku hiyo tulikuta kitu kipya. Kwenye kona, juu ya kreti tatu za soda, kulikuwa na televisheni ndogo, na chini yake mashine ya gemu yenye rimoti mbili za waya. Muktar alituambia ukinunua soda unacheza mara moja. Kwa vile mvua haikuwa na haraka, na kusimama dukani bila kununua kitu ni aibu, nilinunua soda mbili.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kuku wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Mayai yametawanyika shambani, na kuku wako anayaokota na kuyapeleka kwenye kikapu. Juu kuna mwewe. Mwewe akimkamata kuku wako anamning'iniza hewani, na kuku wa mwenzako akiruka na kumgusa miguu, anaachiliwa. Asipomgusa, umekufa mara moja. Ukifa mara tatu unampisha mwingine.

Muthoki alichukua kuku mwekundu. Kwanza aliuliza kuku anabeba yai kwa kitu gani, kwa mdomo au kwa bawa. Muktar akasema hajui, ndivyo ilivyotengenezwa. Akauliza tena ni kuku gani mwenye akili anayezunguka akiokota mayai hali mwewe yuko juu. Muktar akasema mama, bonyeza tu. Tukabonyeza. Kuku wangu alienda kukwama kwenye ukuta, wa Muthoki akatembea kwenda kulia, akapita shamba, akapita ghala la mahindi, akafika mwisho kabisa ambako kulikuwa na mto. Ndani ya mto kulikuwa na bata anazunguka. Hakuwa na yai, hakuwa na adui, hakuwa na kazi yoyote. Anazunguka tu.

Muthoki alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni Mulei, mwaka ule aliostaafu reli. Alizunguka boma hivi miezi mitatu akisema anapanga."

Halafu akacheka. Nadifa aliyekuwa akipima sukari aliacha kijiko hewani. Mwewe akaja akambeba kuku mwekundu, na mimi sikumwokoa kwa sababu nilikuwa nafuta macho.

Kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi tukimaliza kuuza tulipitia kwa Muktar. Tulicheza vibaya sana. Tulikuwa tunaenda kwanza kumsalimia bata, tunamwambia habari za nyumbani, nani amezaa, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani, na tukirudi kwenye mayai mwewe yuko hapo hapo anatungoja. Fundi cherehani wa pale barazani, kijana mwembamba anayeitwa Ndululu, alituambia kwamba hajawahi kuona watu wakifa haraka namna ile. Hatukujali. Njiani kurudi Kilungu, Muthoki alikuwa anaongea hadi mlima unaisha bila mimi kuusikia kwenye magoti.

Sasa Muktar alikuwa na shida yake. Watu walicheza mara moja, wakacheka, wakaenda zao. Soda zilibaki. Wakati huo binti yake Deqa alikuwa darasa la kwanza, na mwalimu akimbandikia nyota nyekundu kwenye daftari, mtoto anaamka asubuhi kabla ya kuitwa. Muktar akawaza kwamba ikiwa karatasi ndogo ya gundi inamwamsha Deqa, basi inaweza kumfanya mtu mzima anywe soda ya pili.

Akachukua vifuniko vya soda, akavigonga kwa nyundo hadi vikawa bapa, akavitoboa kwa msumari na kuvitia uzi ili mtu aweze kujifunga kwenye nguo. Akaleta na ubao, akaupigilia ukutani juu ya televisheni. Ukifikisha mayai thelathini unapewa kifuniko cha rangi ya chungwa. Mayai mia moja, chekundu. Ukikaa bila kufa mpaka redio imalize nyimbo tatu, unapata cha kijani. Na kile kikubwa kuliko vyote, alichokipaka rangi ya dhahabu iliyobaki alipopaka mlango, kilikuwa cha mtu aliyemwokoa mwenzake kutoka kwa mwewe mara kumi kwa mchezo mmoja. Jina lako linaandikwa ubaoni kwa chaki, na mbele yake rangi ulizopata.

Alhamisi ya kwanza ya vifuniko, nilimgeuza kuku wangu kuelekea mtoni kama kawaida. Muthoki hakugeuka. Nikamwita.

"Mama Ndeti," akaniambia, macho kwenye televisheni, "bata hana kifuniko."

Nilidhani anatania. Nilienda peke yangu hadi mtoni, nikasimama na yule bata, na wakati huo Muthoki alikuwa anakusanya mayai kama mtu aliyeona wingu jeusi na mahindi yake bado yako juani. Alifika ishirini na sita. Mwewe akamkamata, nami nilikuwa mbali. Aliiweka rimoti chini kwa namna ya kuonyesha kwamba anaiweka chini.

Wiki iliyofuata nilimkuta ameketi na Ndululu. Alinieleza vizuri tu, bila ubaya, kwamba Ndululu ana vidole vya cherehani, na mimi vidole vyangu ni vya kusuka kiondo, vinaenda polepole. Hiyo ilikuwa kweli. Basi nikakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe nikasuka kiondo changu, nikawatazama. Walifikisha mayai thelathini, wakafikisha mia moja. Muthoki akajifunga vile vifuniko viwili kwenye sweta. Alifurahi, siwezi kusema hakufurahi. Lakini alikuwa anafurahi mara moja, Muktar anapomkabidhi, halafu uso unarudi kwenye ubao kutafuta kinachofuata. Kicheko hakikutoka. Nilisikiliza.

Kifuniko cha kijani ndicho kilichoanza kuharibu mambo. Ndululu aligundua kwamba nyuma ya lile ghala la mahindi kuna kona ambayo mwewe hafiki. Ukimsimamisha kuku wako pale, hafi. Hafanyi kitu kingine chochote, lakini hafi. Habari hiyo ilienea soko zima kabla ya saa nane. Kuanzia hapo ukiingia kwa Muktar unakuta watu ishirini wamejaa, wamenyamaza kama wako kanisani, na kwenye televisheni kuku wawili wamesimama nyuma ya ghala. Rimoti ziko chini. Wachezaji wanasikiliza redio, mmoja anavunja njugu, mwingine anasinzia. Wimbo ukiisha, mtu anasema mmoja. Mtangazaji akianza kusoma matangazo ya vifo, wote wanakasirika, kwa maana hayo hayahesabiwi.

Mzee mmoja kutoka Kalamba aliyekuja kununua misumari alisimama mlangoni akatazama muda mrefu, akamwuliza Nadifa kwa heshima kama ile ni picha ya kuku au ni kuku mgonjwa.

Muktar alianza kuwa na uso wa mtu aliyemeza kitu. Soda moja sasa ilikuwa inachukua nyimbo tatu. Alijaribu kubadilisha redio iende kwa stesheni ya mpira, lakini watu walisema mpira pia una wimbo mwanzoni, wangengoja.

Lakini cha dhahabu ndicho kilichommaliza. Kumwokoa mwenzako mara kumi kwa mchezo mmoja ni jambo gumu, kwa sababu mwewe anakuja anapotaka, na mwenzako naye anamkimbia. Wiki tatu hakuna aliyekipata. Kilining'inia kwenye msumari wake juu ya ubao, watu wakikitazama wanapopima sukari. Ndipo Kalunde alipoingia.

Kalunde ndiye mwenyekiti wetu wa mwethya. Ni mwanamke anayeweza kutazama mteremko wa mawe na kukuambia utahitaji majembe mangapi na utamaliza saa ngapi. Alitazama gemu kwa muda wa soda moja, akauliza maswali mawili, kisha akasema hili ni shamba. Mtu mmoja akipambana peke yake na mwewe atachoka. Tugawane kazi.

Akaleta daftari la mwethya. Akaandika majina yetu yote ishirini na tatu, na mbele ya kila jina tarehe, watu watano kwa kila Alhamisi. Siku yako ikifika, wewe ndiye wa kuokoa, na mwenzako kazi yake ni kukamatwa. Anatoka nyuma ya ghala, anasimama katikati ya shamba bila kusogea, mwewe anambeba, wewe unaruka unamgusa. Anarudi pale pale. Mwewe anambeba tena. Kumi zikiisha unapokea dhahabu yako, na Alhamisi inayofuata wewe ndiye unayesimama katikati ya shamba ili mwingine akuokoe. Atakayechelewa siku ya kukamatwa atamchotea Kalunde maji mitungi miwili.

Mimi mwenyewe nilikamatwa mara kumi kwa ajili ya mama mmoja wa huko juu ambaye tulikuwa hata hatusalimiani, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nilisimama pale na kuku wangu mweupe, tukabebwa na kurudishwa, tukabebwa na kurudishwa. Kazi ni kazi.

Muktar alivumilia dhahabu tano. Ya sita akapiga kaunta kwa kiganja akasema huu ni wizi. Mwewe hatakiwi kulishwa. Kuku anatakiwa aogope.

Kalunde alifunga daftari, kidole kikiwa ndani kushika ukurasa. "Baba Deqa," akasema, "matuta ya kule kwangu ulishayaona? Yale marefu, yanayoenda mpaka mtoni?"

Muktar akasema ameyaona.

"Mimi nilichimba moja. Hayo mengine walichimba hawa. Na hakuna mtu amewahi kuniita mwizi wa matuta."

Muktar aligeuka. Alimtazama mke wake, na Nadifa alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akipanga viberiti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Akachukua nyundo akaenda kugonga kifuniko cha sita.

Kufikia mwisho wa Juni kila mama wa mwethya alikuwa na rangi zote nne kifuani. Kanisani tukisimama kuomba kulikuwa na mlio kama wa mbuzi wenye kengele wakiteremka mlima. Mzee wa kanisa, mgeni kutoka upande wa Kitui, alitusifu mbele ya watu wote. Alisema amefurahi kuona akina mama waliohudhuria mafunzo mengi hivyo ya Biblia, na akamwomba Muthoki asimame atueleze ile ya dhahabu ni ya kitabu gani. Muthoki alisimama. Alisema ni ya kuokoa. Mzee akasema amina, na Muthoki akaketi haraka.

Njiani kurudi nilimtania kuhusu jambo hilo. Nilijua kabisa kwamba Muthoki wa zamani angelazimika kukaa chini kando ya njia, aweke Biblia pembeni, acheke hadi ashike mbavu. Alisema tu kwamba sasa hata Mama Fulani, ambaye hajui kushoto na kulia, ana dhahabu. Akavifungua vile vifuniko kutoka kwenye sweta, kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

Si yeye peke yake. Wiki ile ile niliona vifuniko vimefungwa kwenye shingo ya ndama, na mahali pengine vimening'inizwa kwenye mtama kutishia ndege. Muktar naye alikuwa amechoka. Aliung'oa ubao, akautumia kuziba dirisha la stoo, akatangaza kwamba vifuniko vimeisha, na watu wacheze kama zamani, kwa raha tu.

Hakuna aliyekuja. Alhamisi hiyo nilipita pale saa saba na duka lilikuwa tupu. Televisheni ilikuwa inawaka na wale kuku wawili walikuwa wanajitembeza wenyewe, jinsi mashine inavyofanya ikikosa mtu.

Nilimwambia Muthoki twende tukacheze.

"Kuna nini siku hizi?"

"Hakuna kitu. Kucheza tu."

"Basi," akasema. Akainua kiondo chake, tukapanda mlima. Alijibu ii mara nne tangu makutano hadi nyumbani, na jioni hiyo nilipokuwa napepeta maharagwe huko chini kulikuwa kimya.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha nikaenda kwa Muktar siku isiyokuwa ya soko, nikamweleza yote, tangu Novemba. Muktar ana moyo mzuri. Alisema hakujua, na mara moja akateremsha sufuria kubwa kutoka kwenye ndoano, ile yenye mfuniko wake, akasema nimwambie Muthoki kwamba akifikisha mayai mia mbili ni yake.

Nadifa alimnyang'anya akairudisha kwenye ndoano. "Ukimpa sufuria," akamwambia, "Alhamisi ijayo atataka mbuzi wa kutia ndani."

Nilirudi nyumbani bila mpango. Lakini nilijua kwamba chumvi ya Muthoki ilikuwa inaisha, maana Jumapili alikuwa ameniomba kidogo.

Alhamisi niliuza maparachichi yangu haraka, mengine nikayatoa bure, nikaenda kwa Muktar nikanunua soda nikaketi. Nilimchukua kuku mweupe. Yule mwekundu alisimama tu karibu na kikapu. Nilicheza nikiwa nimegeuza sikio mlangoni, na kwa ukweli wote sikuhitaji kujifanya sijui. Nilikwama ukutani. Niliangusha mayai. Nikasikia viatu vya Muthoki vikiingia, nikasikia akimwomba Nadifa chumvi, nikasikia chumvi ikiwekwa kwenye kaunta. Hakuondoka.

Niliokota yai moja nikaenda nalo upande usio na kikapu.

"Kushoto," Muthoki akasema nyuma yangu.

Nikaenda kulia.

"Mama Ndeti. Kushoto. Huo unaokulia ugali ni mkono gani?"

"Niache. Sichezi na wewe."

Mwewe akaja akambeba kuku wangu. Akamning'iniza katikati ya televisheni, miguu ikipigapiga hewa. Kuku mwekundu amesimama kwenye kikapu anatazama. Nikaweka rimoti kwenye mapaja nikanywa soda.

"Anampeleka," Muthoki akasema.

"Ampeleke."

"Utamwacha mnyama akining'inia hivyo mbele ya watu?"

Mbele ya watu kulikuwa na Muktar, Nadifa na Ndululu mlangoni na uzi mdomoni. Lakini Muthoki alikuwa ameshaketi juu ya gunia na rimoti ya pili ilikuwa mkononi. Akaruka. Siku ya dhahabu yake kuku wake alikuwa ameokoa mtu asiyesogea, na huyu wangu alikuwa anayumba, kwa hiyo alimkosa, akaanguka juu ya kikapu chetu, mayai yote yakamwagika. Akaruka tena. Sasa akanigusa. Nikashuka.

Muktar alifungua mdomo. Niliona mkono wake ukienda kwenye droo alipokuwa akiweka vifuniko. Nadifa aliukanyaga mguu wake, na si kwa upole, kwa sababu Muktar alisema kitu kwa Kisomali ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Muthoki alikuwa anatazama ukuta, pale ubao ulipokuwa. Kulikuwa na mashimo manne ya misumari na alama ya mraba ya rangi safi. Nilifikiri ataweka rimoti chini.

Wakati anatazama ukuta, mwewe akambeba kuku wake.

"Mama Ndeti," akasema. "Haya. Niokoe."

Kuku wangu alikuwa chini yake kabisa. Ningebonyeza mara moja tu. Nikamgeuza, nikaanza kuokota yale mayai yaliyomwagika, moja moja, polepole, kama mtu aliye shambani kwake na siku bado ndefu.

"Syombua," akaniita kwa jina langu. "Niko hapa juu."

"Nakuona," nikamwambia. "Nina kazi."

Kilianza polepole. Mabega kwanza, kisha gunia likaanza kutikisika chini yake, na ulipofunguka mlango Ndululu alimeza uzi wake, na Nadifa akasogeza ile chumvi kwenye kaunta isije ikaanguka, kwa kuwa Muthoki alikuwa anaipiga kaunta kwa mkono. Mwewe alimpeleka kuku mwekundu. Kisha akarudi akampeleka wangu, nikiwa na mayai manne. Tulikuwa tumekufa mara tatu kabla soda yangu haijafika nusu.

Muthoki alijifuta uso kwa leso, akamwambia Muktar alete nyingine, na safari hii aitoe chini kabisa ya kreti, pale penye baridi.